Mtego wa nzi wa maembe: madume wamekufa, maembe yameliwa

Mtego wenyewe sina ugomvi nao. Chambo chake kinanukia kama karafuu. Nilitundika miwili kivulini kwenye miembe yangu saba hapa Ruai, na kabla jua halijatua nzi walikuwa wamejaa koponi. Niliita majirani waje waone. Nikamsifu yule kijana wa agroveti mjini hadi nikampelekea wateja wawili.

Wiki kadhaa baadaye nakata embe la kwanza: funza. La pili wakatoka wakirukaruka sahanini kama bisi. Wateja niliompelekea nao wakaanza kunipigia simu.

Nikalitia embe moja kwenye mkebe wa siagi, nikapanda matatu. Kijana akachungulia, akacheka, akamwita mwenzake naye aje acheke. "Mama, hii inavuta madume peke yake. Si imeandikwa hapa?" Kweli imeandikwa, kwa Kiingereza, herufi ndogo kama ulezi. Lakini anayetoboa embe na kutaga chini ya ganda ni jike! Madume wakipungua, majike hukosa wa kupandana nao, sawa. Sasa mimi mwenye miembe saba katikati ya mipera ya watu? Majike wanavuka ua wakiwa tayari wana mayai. Na chambo cha protini, kinachovuta jike na dume, kilikuwa rafuni nyuma ya kichwa chake tangu siku ile ya kwanza.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Hukuuliza! Mimi niulize nzi wa jinsia gani? Nyota moja, na hiyo ni ya mtego, si yake.

Ingawa, niseme ukweli, msimu huu nimetundika vyote viwili, na kila asubuhi naokota maembe yaliyoanguka nayazika, nusu mita kwenda chini, maana funza hutoka kwenye tunda wakaingia udongoni wageuke nzi. Mgongo unanilaani. Lakini juzi nimekata maembe matano, moja tu ndilo lilikuwa na wageni, na sijapuliza dawa hata tone. Basi nyota tatu. Hapana, mbili, bado nakiona kile kicheko.

Jumamosi chambo kiliisha harufu. Duka lililo karibu na stendi ni lile lile. Nilimtuma binti yangu aingie, mimi nikasimama nje nikijifanya natazama viatu vya mitumba.