Ignishen ya elektroniki kwenye Land Rover Series III: pima kwanza, ndipo ununue

Seti hii ya ignishen ya elektroniki inaondoa pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) na kondensa yake ndani ya distributa ya Lucas 45D4, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Mahali pake panakaa moduli ndogo inayosoma pete ya sumaku iliyovishwa chini ya rota, kipande kinachozunguka juu ya shafti ya distributa. Nimeifunga kwenye Series III ya petroli, injini ya silinda nne, 2286 cc. Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu wauzaji wanainadi kama dawa ya gari linalogoma kuwaka asubuhi, na hiyo si kazi yake. Umeme ukifika pungufu kwenye koili (inayokuza volti za kupigia cheche), pointi bado zinaweza kutoa cheche hafifu. Moduli inaweza kunyamaza kabisa.

Kwa hiyo toa mita kabla ya kutoa pesa. Betri iliyolala usiku kucha isome karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, ichaji. Kisha mwenzako apige stata huku ncha za mita ziko kwenye vichwa vya betri. Ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Sasa hamishia ncha nyekundu kwenye chanya ya koili, nyeusi ibaki kwenye hasi ya betri, apige tena. Namba hiyo na ile ya betri zisipishane zaidi ya nusu volti.

Kwenye gari hizi mara nyingi zinapishana, na mchawi ni swichi ya ufunguo iliyolika ndani, au kichwa cha waya mweupe unaotoka kwenye swichi kwenda koili kimeota kutu. Kuhakikisha, chukua waya wenye klipu, unganisha chanya ya betri moja kwa moja na chanya ya koili, piga stata. Gari likiwaka, distributa haina kosa. (Kumbuka kuchomoa waya huo, ukiuacha, ufunguo hautazima injini.)

Jambo linalosahauliwa sana ni erthi, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Injini imekaa juu ya raba, hivyo isipofungwa mkanda wa shaba kwenda kwenye chesisi, umeme wa stata hauna njia nzuri ya kurudi. Gusa bloku kwa ncha moja na hasi ya betri kwa nyingine wakati stata inazunguka: isizidi volti 0.3. Kama huna mita, shika waya wa choki baada ya kupiga stata mara mbili tatu. Ukiwa wa moto, umeme umeshajitafutia njia kupitia hapo. Kwangu kipimo hicho cha mkono kina thamani kuliko nusu ya vifaa vinavyouzwa.

Hayo yote yakiwa sawa, funga seti. Kwanza pima koili ikiwa imechomolewa nyaya: kati ya chanya na hasi isome kama omu 3. Ukipata omu 1.5, hiyo ni koili inayotaka rezista (kipunguza umeme), na ukiipa volti 12 moja kwa moja itavuta ampea 8 na kuiunguza moduli. Toa kepu (kifuniko cha distributa) na rota, fungua pointi na kondensa, safisha bamba zilipokuwa zimefungwa kwa kitambaa chenye petroli mpaka chuma king'ae, maana baadhi ya moduli hupata erthi yake kupitia bamba hilo. Waya mwekundu wa moduli uende chanya ya koili, mweusi hasi ya koili. Ukizigeuza, moduli inakufa papo hapo na hakuna fundi wa kuifufua. Mwishoni weka taiming (wakati wa cheche kupiga) upya kwa taa ya taiming, kwa sababu ile ya pointi haiwi ileile tena. Mpangilio wa silinda kuwaka unabaki 1-3-4-2, na mwanya wa plagi uache kwenye milimita 0.75 hadi 0.80.

Rota usiidharau. Zile za bei rahisi zenye riveti katikati huvujisha umeme kupitia riveti hadi kwenye shafti: injini inazunguka vizuri, koili inatoa cheche nzuri, plagi hazipati kitu. Nunua isiyo na riveti. Nyaya za plagi nazo ziwe za kuzuia kelele za redio. Zile zenye shaba tupu ndani huivuruga moduli.

Faida iko wazi. Distributa iliyolika bushi huyumbisha shafti, na pointi zilizowekwa mwanya wa milimita 0.40 leo zinakuwa na mwingine kesho. Moduli haijali sana yumba hiyo. Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, na hakuna tena kufungua kepu kila baada ya muda kupiga msasa. Hasara: ufunguo usiachwe umewashwa wakati injini imezima, kwa sababu koili inaweza kubaki inavuta umeme na kuchemka pamoja na moduli. Na ukijaribu cheche, waya mkubwa wa koili usining'inie hewani. Uweke karibu na bloku, milimita 6 hivi, ushike kwa koleo lenye mpira.

Kwa gari la mjini, nunua. Kwa gari la porini nunua pia, lakini pointi zako za zamani, kondensa, bisibisi fupi na filageji (vibamba vya kupimia mwanya wa pointi) vifunge kwenye mfuko wa nailoni na viweke chini ya kiti. Kuvirudisha ni kazi ya dakika ishirini, na pointi zikichafuka, kipande cha msasa laini kinatosha kukufikisha.