Duka la kurusha muvi Tandika: niliagiza mechi za Ana Gros, mzigo ulikuja hivi

Wadau wa michezo mashuleni, hasa nyie wa mpira wa mikono, kuna duka la kurusha muvi Tandika upande wa sokoni, lina spika nje inapiga singeli kutwa nzima, nimeona niwape mrejesho maana kuangalia mechi kwa bando la simu ni kujiumiza tu. Unaacha orodha na flashi yako, unapitia kesho yake. Mimi niliagiza video za Ana Gros, yule dada wa handiboli wa Slovenia mwenye shoto, kisa nina binti kwenye timu ya shule anatumia shoto na kila mtu alishampanga winga ya kushoto kwa mazoea tu.

Kijana wa pale hakuwahi kumsikia. "Ticha, huyu ni wa netiboli?" Nikamwambia hapana, ni handiboli, tafuta kwa jina. Na hapa nampa maua yake, mana hakurundika, amepanga folda kwa folda kila timu na yake: Metz na Brest za Ufaransa, CSKA Moscow ya Urusi, Krim ya kwao Slovenia, Győr ya Hungary na timu ya taifa, ukifungua kwa mpangilio unaona kabisa mtu anavyokua kimchezo.

Folda la Brest peke yake linalipa hela yote. Msimu wa 2020/21 huyu dada ndo alikuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa Ulaya, magoli 135, na Brest wakafika fainali baada ya kuwatoa Győr kwa penalti pale Budapest, Győr wale ambao hawakuwa wamepoteza mechi kwenye ligi hiyo tangu 2018! Kuna kipande kimoja anapokea pasi upande wa kulia nyuma, hatua tatu, anaruka, mkono wa kushoto umebaki nyuma kabisa ya kichwa, na beki anaenda juu kabla yeye hajaachia. Mtu wa kulia akirusha kutoka upande ule mkono wake uko nje karibu na mstari, goli analiona kipande. Wa shoto mkono uko ndani, goli lote linamtazama. Miaka nimeeleza hilo ubaoni halieleweki, binti kaona sekunde kumi tu kaelewa, akawa anairudisha nyuma hadi wenzake wakanuna.

Sasa mapungufu, na yapo. Fainali yenyewe dhidi ya Vipers wa Norway imekatika kipindi cha pili, ile Vipers walishinda 34-28, yaani unaona Brest wanafukuzia halafu kioo cheusi. Picha nyingi zimevutwa, wachezaji wote wamekuwa wafupi wanene. Folda la taifa ndo kituko, nusu ni mechi za Slovakia, jamaa kaona majina yanafanana kajaza tu!! Nilipolalamika hakubisha wala kununa, akanirushia upya bure, safari hii zikaja za Euro 2022 ambayo Slovenia waliandaa pamoja na Montenegro na Makedonia Kaskazini wakamaliza wa nane, zikiwemo zilizopigwa Celje, mji aliozaliwa Ana mwaka 1991. Nchi yenyewe ina watu milioni 2 na kidogo, sensa ya 2022 Dar tu tulikuwa zaidi ya milioni 5, na wenzetu akina dada wamecheza Olimpiki Paris 2024. Haya, tuendelee.

Folda la Krim ni fupi ila lina utamu wake, anaonekana karudi nyumbani Ljubljana 2022 baada ya timu za Urusi kufungiwa Ulaya kwa ajili ya vita. La Moscow sikulishughulikia sana, sauti inakwaruza.

Bei ni buku tano kwa flashi ya GB 16 ikijaa, sio mbaya kabisa ukilinganisha na bando. Ila nendeni na flashi yenu, wanazouza pale bei imechangamka na moja ya mwenzangu ilikufa wiki hiyo hiyo. Andika jina la mchezaji, timu na mwaka kwenye karatasi, usimwambie kwa mdomo na ile singeli, na kabla hujalipa mwambie akufungulie video tatu nne uzipeleke mbele mpaka mwisho. Jumapili asubuhi wanafunga.