Uzoefu wangu na kipimo cha H. pylori cha choo: cha kwanza kilinipotosha, cha pili kiliniponya

Ndani ya mwaka mmoja nimepima tumbo mara tano. Mara tatu za mwanzo nilitupa hela. Mbili za mwisho ndizo zilizonitoa kwenye mateso, na zote mbili zilikuwa kipimo kile kile cha choo nilichokuwa nimeshakifanya kabla, cha kutafuta H. pylori, yaani bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo, ila safari hii nilikifanya kwa wakati wake. Ninaandika kwa sababu kwenye ofisi yetu ya walimu pekee tupo wanne wenye shida ya tumbo, na hakuna aliyekuwa anajua jambo hili.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 43. Tumbo lilikuwa linaniwaka chini ya chembe ya moyo, na mara nyingi lilinigutusha usingizini mnamo saa nane usiku. Nikila kipande cha mkate au nikinywa maziwa linapoa, baada ya saa mbili linarudi. Siku nikila maharage nilijua usiku huo sitalala. Nyumbani tumekua tukiambiwa vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na kukaa na njaa, kwa hiyo miezi ya mwanzo nilijilaumu mwenyewe: kazi nyingi, chai bila kitafunwa, madaftari mpaka usiku.

Zahanati ya kwanza niliambiwa nina taifodi, ingawa sikuwa na homa hata siku moja. Nikameza antibayotiki wiki nzima, nikapata nafuu kidogo, kisha hali ikarudi vile vile. Baadaye nikaenda kwenye duka la dawa la mtaani, nikapewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Hiyo ilinituliza kweli, na ndipo kosa langu lilipoanzia, maana nilinywa karibu kila siku kwa miezi mitano bila kujua ninatuliza kitu gani.

Kipimo cha kwanza, naona aibu kukisema lakini nakisema kwa sababu wengi mnakwenda huko. Kulikuwa na wauza dawa za lishe waliokuja na kompyuta. Unashika kijiti cha chuma dakika moja, halafu mashine inatoa kurasa za majibu kuhusu ini, figo, utumbo, hata mifupa. Niliambiwa utumbo wangu umejaa sumu, na dawa zake zilikuwa za shilingi 280,000. Jamani, hakuna aliyegusa damu yangu wala choo changu. Chuma cha kushika mkononi hakiwezi kujua kuna bakteria gani kwenye ukuta wa tumbo. Hela ile ilikuwa ya ada ya mtoto.

Kipimo cha pili ndicho kilichoniuma zaidi, kwa sababu kilikuwa kipimo sahihi. Maabara moja ya binafsi ilinipa kikopo cha plastiki chenye kijiko kidogo kilichoshikizwa kwenye kifuniko, nikaweka choo, nikalipa shilingi 20,000, na baada ya saa moja nikapewa karatasi: H. pylori, hasi. Nilifurahi sana. Hakuna mtu aliyeniuliza natumia dawa gani. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemeza omeprazoli, kama nilivyofanya miezi yote ile.

Maumivu yakaendelea. Miezi mitatu baadaye, kwingine, nikapimwa damu, na majibu yakawa chanya. Sasa nishike lipi?

Aliyenifungua macho ni daktari wa magonjwa ya ndani ambaye nilimfikia kwa rufaa. Alichukua karatasi zote mbili, akaziweka mezani, akaniuliza swali moja: "Mwalimu, siku unapima choo ulikuwa unameza nini?" Nilipomjibu akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba omeprazoli na ndugu zake hupunguza wale bakteria bila kuwamaliza, hivyo kipimo kinaweza kuwakosa na wakati wamo. Inatakiwa kuziacha wiki mbili kabla ya kupima. Antibayotiki nazo, ziwe zimepita wiki nne tangu umeze ya mwisho. Kuhusu kipimo cha damu, akasema kile kinatafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kupambana na bakteria hao. Alama hiyo inaweza kubaki miezi au miaka baada ya mtu kupona, kwa hiyo hakikuambii kama wapo leo. Cha choo kinatafuta bakteria wenyewe, na kipo pia cha pumzi chenye kazi hiyo hiyo, ila hapa kwetu si rahisi kukipata.

Aliniambia pia kitu kilichoniondolea lawama. Ni tangu miaka ya 1980 tu ndipo ilipojulikana kwamba vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria hawa. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliogundua, na kwa kuwa hawakuaminiwa, mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe maji yenye bakteria hao akaugua tumbo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Niliposikia hivyo nikawaza ni watu wangapi wameambiwa "punguza mawazo" wakarudi nyumbani na kidonda chao.

Nikaacha omeprazoli siku kumi na nne. Sitawadanganya, zilikuwa ngumu. Daktari aliniruhusu dawa ya maji ya kupoza asidi pale nikizidiwa, na nilikuwa naweka chupa kando ya kitanda. Siku ya kumi na tano nikachukua kikopo, safari hii nikakiweka kwenye bahasha ya kaki, nikapanda bajaji asubuhi na mapema kabla ya kipindi cha kwanza. Maabara hii ilikuwa tofauti. Dada wa mapokezi alikuwa na fomu inayouliza dawa zote ulizotumia mwezi mzima, na kabla hajapokea kikopo alinisomea jibu moja moja. Mtaalamu alinionyesha hata kile kidude cha kupimia: kidogo kama cha mimba, mstari wa kwanza ukatokea haraka, wa pili ukaja polepole, mwembamba, wa waridi. Chanya. Miezi zaidi ya mitatu kabla yake bakteria hao hao walikuwa wameandikiwa hasi.

Nikapewa dozi ya siku 14: omeprazoli, amoksilini na klarithromisini, asubuhi na jioni. Klarithromisini inaacha ladha ya chuma mdomoni kana kwamba umelamba sarafu, na chai yote ilikuwa haina utamu. Nilimaliza bila kuruka hata kidonge, maana daktari alionya kwamba ukikatisha njiani wanaobaki wanazoea dawa. Halafu likaja jambo ambalo wagonjwa wengi hatuambiwi: kupima tena. Si siku unapomaliza dozi, kwa sababu hapo bado dawa ziko mwilini na majibu yatakufurahisha bure. Unasubiri angalau wiki nne, na omeprazoli isiwemo kwenye wiki mbili za mwisho. Nilisubiri sita kwa sababu ya mitihani ya shule. Hasi, na hii naiamini.

Kwa hiyo kipimo hiki nakipa alama zote, na ile maabara ya kwanza naipa nusu, kwani kipimo chao kilikuwa sahihi, kilichokosekana ni swali moja tu. Nikirudia leo, nisingekwenda kupima kwa sababu tumbo limejaa gesi siku mbili baada ya sherehe. Daktari alisema watu wengi sana Afrika wanabeba bakteria hawa na wengi wao hawaugui kamwe, hivyo asiye na dalili hana sababu ya kukimbilia maabara. Ningekwenda pale maumivu ya chembe ya moyo yalipofika mwezi wa pili, au kama ningewahi kuwa na kidonda, au kama kwetu kungekuwa na mtu aliyeugua saratani ya tumbo, au kama damu yangu ingekuwa inapungua kwa kukosa madini ya chuma bila sababu kuonekana. Na ningekwenda kabla ya kuanza omeprazoli, si baada ya miezi mitano.

Lakini kuna hali ambazo kikopo hakitoshi, na hili limenifika nyumbani. Mama yangu mzazi yuko Kilosa, ana miaka 67. Nilipomtembelea likizo niliona kitenge kinamzunguka mara mbili. Alikuwa akila matonge matatu anasema ameshiba. Mimi, kwa ujuzi wangu mpya, nikataka nimpeleke akapime choo. Daktari wangu alipopokea simu alikataa palepale. Mtu aliyevuka miaka 60 akaanza shida ya tumbo, au mtu yeyote anayekonda, anayetapika damu, anayekwama chakula kooni, au anayepata choo cheusi cha kunata kama lami, huyo anahitaji kumulikwa tumbo kwa kamera. Choo cheusi cha lami au matapishi ya damu ni dharura, unakwenda hospitali siku hiyo hiyo. (Wanaotumia vidonge vya madini ya chuma choo chao huwa cheusi pia, mwambieni daktari mnavitumia.)

Mama aliogopa sana ule mpira wenye kamera unaopitishwa kooni. Alikaa bila kula tangu usiku, wakampulizia dawa ya ganzi kooni, nikamshika mkono mpaka mlangoni. Haikufika robo saa. Walikuta kidonda tumboni, wakachukua vinyama vya kupima, na wiki mbili za kusubiri majibu sitazisahau. Haikuwa saratani. Bakteria walikuwepo, na muuguzi alipomhoji taratibu ikajulikana kwamba kwa miaka miwili mama alikuwa akinunua diklofenaki za maumivu ya magoti dukani, vidonge viwili kila siku, bila kumwambia mtu. Diklofenaki nayo inachimba tumbo.

Sasa amemaliza dozi na magoti anatumia parasetamoli. Jumapili alinipigia simu akaniambia amekula ugali na mlenda akamaliza sahani. Mwezi ujao anarudi kumulikwa tena waone kama kidonda kimefunga, na nimeshaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nimpeleke mwenyewe.