Puli ya Supachaja, Intakula au Rimapu: Mwenye Pikapu wa Dar es Salaam Anunue Kipi Kwanza?

Ushauri ambao mwenye pikapu hupewa mara nyingi anapotaka nguvu zaidi ni kwamba anunue puli ndogo ya supachaja, ile kompresa inayosukuma hewa ndani ya injini, aifunge, na gari litabadilika siku hiyo hiyo. Ushauri huo si uongo, ila umekatwa nusu. Puli ni miongoni mwa vipande vya bei ndogo katika kazi hii, na ndiyo maana watu huianza, wakati kwa mpangilio unaofaa ingesubiri hadi mambo mengine mawili yakamilike. Mpangilio ninaoutoa hapa umezingatia joto la Dar es Salaam, foleni zake, na maduka ambayo spea nyingi huuzwa bila karatasi yoyote inayoeleza zilikotoka.

Kabla ya kutoa hata shilingi, mnunuzi afungue boneti ajiridhishe injini yake inasukumiwa hewa kwa njia ipi. Supachaja huendeshwa na mkanda unaotoka kwenye krenki, yaani shafti kuu ya injini, kwa hiyo huwa na puli mbele yake. Tabo huendeshwa na gesi za moshi. Imefungwa kwenye ekzosti na haina mkanda wala puli. Hilux nyingi za dizeli zinazopita Barabara ya Nyerere, ziwe na injini ya 1KD ya lita 3.0 au 1GD ya lita 2.8, zina tabo, na ndivyo zilivyo Ford Ranger na Isuzu D-Max za dizeli. Land Cruiser ya mizigo yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 haikutoka kiwandani na chochote kati ya hivyo viwili. Wenye supachaja ni wachache: walioingiza Ford F-150 Lightning za mwaka 1999 hadi 2004, zilizotoka kiwandani na kompresa ya Eaton M112 juu ya injini ya lita 5.4, na wenye injini ya petroli ya Toyota ya 1GR ya lita 4.0, ambayo TRD, kitengo cha Toyota cha magari ya mbio, iliitengenezea supachaja na mwaka 2008 ikauzwa Australia ndani ya Hilux yenye kilowati 225. Niliwahi kuombwa ushauri wa saizi ya puli na mzee mmoja mwenye Hilux ya dizeli, naye alikuwa ameshatanguliza sehemu ya malipo. Ilibidi tuinamie injini pamoja ndipo akakubali kwamba hapakuwa na mahali pa kuifunga.

Hesabu inayofichwa na puli

Kompresa ya aina ya Eaton husukuma kiasi kile kile cha hewa kila inapozunguka mara moja. M112 imepata jina lake kutokana na inchi za ujazo 112, ambazo ni takriban lita 1.8. Ukitaka hewa zaidi, basi, unaizungusha haraka zaidi, na puli ndogo hufanya hivyo bila maarifa mengine. Tuchukulie puli ya krenki ya milimita 190 na puli ya supachaja ya milimita 76. Injini ikiwa kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika, kompresa itazunguka mara 13,750. Weka puli ya milimita 70, na kompresa itakaribia mizunguko 14,930, na ile presha ya hewa ambayo mafundi huiita busti, kama ilikuwa bar 0.55, itakaribia bar 0.7. Milimita sita tu zimefanya yote hayo, na kama mtengenezaji wa kompresa ameweka ukomo wa mizunguko 14,000, mnunuzi ameshauvuka akiwa bado anashangilia.

Jambo la pili katika hesabu hiyo ni joto. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 32, ambazo kwa mchana wa Februari jijini si jambo la ajabu, ikibanwa kwa bar 0.55 na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 60, hutoka ikiwa karibu na nyuzi 100. Kwa bar 0.7 hukaribia nyuzi 115, na kwa kuwa ufanisi wenyewe kwa kawaida hushuka kadiri kompresa inavyokimbizwa, hali halisi huwa mbaya kuliko hesabu. Hewa ya moto haibebi oksijeni nyingi, na katika injini ya petroli huleta mlipuko usiosubiri wakati wake, unaosikika kama njugu zikikaangwa kwenye kikaango kikavu. Pistoni zinaweza kupasuka kwa mlio huo huku dereva ameufunika kwa redio.

Nafasi ya kwanza: vipimo

Geji ya busti yenye bomba lake na sehemu ya kuifunga haizidi gharama ya kujaza tangi la lita 80 mara moja, na ndiyo ninayoiweka mbele ya kila kitu. Kwa injini ya petroli iongezwe sensa pana ya oksijeni inayoonyesha uwiano wa hewa na petroli. Injini iliyosukumiwa hewa hutakiwa kuwa kati ya 11.5 na 12 kwa moja inapokanyagwa hadi mwisho, wakati uwiano kamili wa kuungua ni 14.7. Kwa dizeli, sensa inayohitajika ni ya joto la gesi za moshi, ifungwe kabla ya tabo, na dereva anayepanda mlima wa Kitonga akiwa na mzigo asiiache ikae juu ya takriban nyuzi 700 kwa muda mrefu. Mara kadhaa geji pekee imemaliza safari ya mnunuzi: ilionyesha busti pungufu, akakuta mpira wa hewa umepasuka, akauziba, na nguvu aliyokuwa akiitafuta ikarudi.

Nafasi ya pili: intakula

Intakula ni kipozeo cha hewa iliyobanwa kabla haijaingia kwenye injini. Hapa ndipo ningeshauri fedha nyingi ziende, na ndipo wanunuzi wengi hubana. Pikapu iliyokaa foleni ya Ubungo nusu saa huwa imejaza joto kila kitu kilicho chini ya boneti. Intakula ndogo ikishaloweshwa na joto hilo, huhitaji kilomita kadhaa za mwendo ndipo ipoe, na busti yote inayoongezwa katika muda huo ni joto linalonunuliwa kwa petroli. Intakula ya hewa kwa hewa ni rahisi kuitunza lakini hutegemea mwendo wa gari. Ile ya maji, kama iliyomo kwenye Lightning, hupoza vizuri zaidi kwa mkanyago mfupi, lakini ina pampu ya umeme na rejeta yake ndogo mbele, na pampu hiyo ikifa haitoi taarifa. Mwenye mfumo wa maji ainunue pampu mpya kabla hajafikiria intakula kubwa, kwa kuwa mara nyingi intakula aliyonayo inatosha na kinachokosekana ni mzunguko wa maji.

Intakula za mtumba zimejaa kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, na baadhi yake ni nzuri kabisa. Mnunuzi achungulie ndani ya mdomo wake: utando mwembamba wa oili ni wa kawaida, lakini vipande vya aluminiamu vinavyong'aa maana yake ni kwamba tabo iliyokuwa nyuma yake ilikufa, na vipande hivyo havitoki kwa kuoshwa kirahisi. Kuhusu kuvuja, sihitaji mashine ya kigeni. Namwomba fundi wa pancha azibe mdomo mmoja, apulize kutoka mdomo mwingine hadi bar moja hivi, kisha tunapaka povu la sabuni kwenye maungio ya pembeni na kutazama. Muuzaji anayekataa jaribio hilo la dakika tano ameshajibu swali. Mipira ya hewa iwe ya silikoni yenye matabaka ya kitambaa, na klampu ziwe pana za boliti, kwa sababu zile nyembamba za bisibisi hukata mpira pale busti inapopanda.

Nafasi ya tatu: rimapu, pamoja na puli kwa wenye supachaja

Kwa mwenye Hilux ya dizeli, rimapu, yaani kuandika upya programu ya kompyuta ya injini, ndiyo kazi yenyewe, kwa kuwa kompyuta ndiyo inayoamua busti, kiasi cha dizeli na wakati wa kuipuliza. Injini ya 1GD ilitoka mwaka 2015 ikiwa na kilowati 130 na msokoto wa Nm 450 kwenye gari la otomatiki, na mwaka 2020 Toyota wenyewe wakaipandisha hadi kilowati 150 na Nm 500 baada ya kubadilisha baadhi ya vipuri vyake, tabo ikiwemo. Fundi anayeahidi kupita hapo kwa kompyuta ndogo peke yake, bila kugusa kipuri chochote, aulizwe nini kitabeba mzigo huo. Mara nyingi cha kwanza kujibu huwa ni klachi. Kwa injini ya 1KD yenye kilomita nyingi, ningedai nozeli, yaani vipulizia mafuta, zipimwe kabla, kwa sababu nozeli inayovuja huunguza kichwa cha pistoni hata bila rimapu.

Mnunuzi adai mambo mawili kwa maandishi: nakala ya programu ya asili ya kiwandani, na rekodi za jaribio kabla na baada. Aeleze pia anakosafiri. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako hewa ina presha pungufu kwa kama asilimia 18 kuliko ufukweni. Supachaja huko hupungukiwa tu, kwa hiyo iliyowekwa sawa Dar es Salaam imeshapita mtihani mgumu zaidi. Lakini tabo, ikiwa kompyuta inaidai busti ile ile, hulazimika kuzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na programu isiyopunguza dai hilo mwinukoni huichosha haraka. Wanaokwenda nyanda za juu wakiwa na mzigo wasikubali programu ya mjini.

Kwa mwenye supachaja, puli na programu ni ununuzi mmoja. Puli ya kupunguza milimita tano au sita, pamoja na programu inayoongeza petroli na kurudisha nyuma cheche, plagi za baridi zaidi kwa daraja moja zenye mwanya wa takriban milimita 0.8, na uhakika kwamba nozeli hazifanyi kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, ni kifurushi ninachokipendekeza bila wasiwasi, mradi kompresa isivuke ukomo wake wa mizunguko. Puli hiyo hiyo bila programu ningeiweka karibu na mkia wa orodha hii.

Katika kuichagua puli, vernia, kile kifaa cha kupimia kipenyo, iwe mfukoni. Niliwahi kununua puli iliyochorwa namba 70 ambayo nilipofika nyumbani ilisoma 67.8, tofauti inayotosha kuipitisha kompresa ukomo wake. Muuzaji alinijibu kwamba namba hiyo ni ya modeli. Tangu siku hiyo napima nikiwa bado kaunta, kwenye kipenyo cha nje, na kila mara kwa njia ile ile, kwa sababu puli ya zamani ikipimwa kwenye ncha za mifereji na mpya ikapimwa ndani yake, hesabu yote huharibika. Mifereji nayo ihesabiwe ilingane na mkanda. Mkanda ulioandikwa 6PK2100 una mifereji sita na urefu wa milimita 2,100, na puli iliyopungua milimita sita kwa kawaida huhitaji mkanda mfupi kwa kama sentimita moja, ingawa kikaza mkanda chenye springi nzima huweza kuumeza upungufu huo. Puli ndogo hushikwa na mkanda kwa eneo dogo, hivyo mkanda huteleza. Geji itaonyesha busti ikipanda kisha ikianguka kwenye mizunguko ya juu, na vumbi jeusi la mpira litatapakaa nyuma ya puli. Mkanda wa bei ya chini hapa ni hasara.

Zipo puli zinazofungwa kwa boliti juu ya kitovu chake na zipo zinazosukumizwa kwenye shafti kwa nguvu. Hizi za pili hutolewa kwa kifaa maalumu cha kuivuta puli, na nyundo haina kazi pale. Shafti ikipinda, beringi za mbele za kompresa huanza kulia. Kabla ya yote, injini ikiwa imetulia, sikiliza pua ya supachaja. Eaton za kizazi hicho zina kiungo cha plastiki ndani ya pua, na kikichakaa hutoa mlio wa kokoto zinazotikiswa koponi. Pua hiyo ina oili yake yenyewe, tofauti na ya injini, na wapo waliomiliki gari miaka mingi bila kujua. Ikaguliwe na kiungo kibadilishwe kwanza.

Zinazofuata, kwa haraka

Puli kubwa ya krenki hufanya kazi ile ile kwa mkanda kushika vizuri zaidi, lakini huzungusha haraka pia pampu ya maji na alteneta ikiwa zinatumia mkanda huo huo, na kuifunga ni kazi kubwa. Naiweka nafasi ya nne, kwa wale ambao puli ya supachaja imeshakuwa ndogo hadi mkanda unateleza.

Boksi linalochomekwa kati ya sensa ya reli ya dizeli, yaani bomba la dizeli ya presha kubwa, na kompyuta lina nafasi ya tano. Huidanganya kompyuta kuhusu presha ili iongeze, na faida yake kubwa ni kwamba huchomolewa gari linapouzwa. Yapo mazuri, lakini yapo pia yenye rezista moja tu ndani ya kasha zito.

Kukaza kwa spana fimbo ya mlango wa kutoroshea gesi kwenye tabo ni kwa bure, na ni nafasi ya sita kwa sababu hiyo tu. Kompyuta ikigundua busti imezidi, huizima nguvu yote na kuwasha taa ya injini, mara nyingi katikati ya kulipita lori.

Visivyonunuliwa ni viwili: feni ndogo ya umeme inayouzwa kwa jina la supachaja, ambayo haina nguvu ya kuishibisha injini ya pikapu kwa mizunguko ya juu, na kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachopepesa taa na kuahidi nguvu zaidi na mafuta pungufu kwa wakati mmoja. Ukikifungua, utakuta taa ndizo pekee zilizounganishwa na kitu.