Pakiti ya dawa za kushikisha rangi: uzoefu wangu hapa Goma

Natia rangi amerikani ya kushonea mifuko na katani ya kusukia vikapu, kwa maganda, magome na kokwa. Siku zote nimetumia shabu ya mawe ya sokoni, chumvi ya alumini, ile ile ya vinyozi. Safari hii niliagiza pakiti kamili kwa mfanyabiashara anayevusha bidhaa kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda: shabu ya unga, salfeti ya chuma, salfeti ya shaba na krimu ya tartari (unga wa asidi), pamoja na karatasi ya maelezo kwa Kifaransa. Unalipa kwa dola, na si chache.

Shabu ni nzuri. Nyeupe, kavu, inayeyuka mara moja kwenye maji ya moto. Karatasi inasema gramu 150 kwa kilo ya kitambaa kikavu, na kipimo hicho hakina kasoro. Kasoro ni kwamba aliyeiandika alikuwa akiwaza sufu, manyoya ya kondoo. Sufu inapokea shabu bila kubembelezwa. Pamba na katani vinataka tanini kwanza, ule ukakasi wa magome. Mimi nachemsha kitambaa na magadi kidogo kutoa wanga na mafuta, nakilaza usiku mzima kwenye maji ya magome ya miwati, ndipo shabu inafuata. Miwati huku hatukosi, inapandwa kwa ajili ya makala, makaa ya kupikia. Usipotia tanini, njano ya maganda ya vitunguu utaiona ikienda na povu la sabuni, hata ungenunua shabu ya bei gani.

Nilikata vipande viwili vya jora moja, kimoja shabu ya pakiti, kingine shabu ya mawe, nikavitia sufuria moja ya maganda ya vitunguu. Cha pakiti kimetoka na njano iliyochangamka zaidi, lakini lazima uviweke pamoja juani ndipo uone. Shabu yenye uchafu wa chuma hufifiza njano, kwa hiyo anayetafuta njano safi atafaidika. Kwa kahawia za magome, endelea na mawe yako.

Pesa yangu ilirudi kwenye salfeti ya chuma. Zamani niliroweka misumari yenye kutu ndani ya siki na maji, na dawa hiyo inafanya kazi kabisa, ila hujui ukali wake: leo kijivu cha jivu, wiki ijayo karibu nyeusi. Unga unaupima. Gramu 20 kwa kilo zinatosha kugeuza njano ya vitunguu kuwa kijani cha zeituni, na kahawia ya miwati kuwa kijivu chenye ukijani kwa mbali. Dakika chache tu, huku unageuza kitambaa, kisha suuza sana. Chuma kikizidi nyuzi zinakauka na kukatika, na kikapu kinachokatika mshikio mteja hakurudii. Funika pakiti, iweke juu: mtoto akimeza chuma hicho ni hatari kweli, na sufuria yake isirudi jikoni.

Sasa maji. Karatasi inasema “maji safi”, basi. Kwetu maji ni dawa ya tano ambayo hukuinunua. Ziwa Kivu lina magadi ya asili, pH yake (kipimo cha asidi na magadi; 7 ni katikati) kwenye maji ya juu inakaribia 9, na bidoni nyingi za mjini hujazwa hapo. Ukiyeyusha shabu katika maji hayo yanageuka kama maji ya mchele: alumini inajitenga na kushuka chini, na iliyoshuka haitaingia kitambaani. Chuma nacho kinaota kutu upesi, kinaacha madoa ya rangi ya chungwa. Kwa dawa hizi mbili nakinga mvua ya bati. Mvua yetu ina asidi kutokana na moshi wa volkano ya Nyiragongo, lakini shabu haijali, nayo ni ya asidi. Kwa kokwa za avoka ni kinyume: maji ya ziwa yanazipa waridi iliyokolea ambayo mvua hainipi, bila kuongeza magadi hata chembe. Binzari ya manjano ukiisuuza kwa maji ya ziwa inaelekea wekundu. Tone la ndimu linairudisha.

Na binzari yenyewe, muuzaji aliniambia shabu hii “inashikisha rangi yoyote”. Hapana. Nilitundika kipande dirishani, nusu nimekifunika kwa kadibodi. Upande wa jua ulipauka mapema, shabu ikiwemo. Hakuna dawa kwenye pakiti inayookoa binzari na jua. Vitunguu na avoka vilistahimili zaidi.

Salfeti ya shaba sikuifungua. Ni sumu kwa samaki, na maji ya kumwaga huku yanapita katikati ya mawe ya volkano yakishuka ziwani. Krimu ya tartari inasaidia sufu. Kwa pamba na katani haina kazi, imekaa tu rafuni.

Kwa hiyo pakiti nzima siinunui tena. Nimemwomba mfanyabiashara aniletee salfeti ya chuma peke yake, nusu kilo, na shabu ya unga kidogo kwa oda za njano. Amesema atauliza bei.