Miezi minne na mshauri anayeuliza "Tufanyeje?"

Mimi ni wakala wa forodha Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Baba alifariki mwaka jana, na tangu mazishi usingizi ulinihama. Saa tisa usiku niko macho, nasikiliza malori yakinguruma kwenye foleni. Mke wangu ndiye aliyesema nitafute mshauri. Nilisita, maana kwetu ukitaja mambo ya akili utasikia kicheko: "Tukupeleke Butabika?" Ndiyo hospitali ya wagonjwa wa akili kule Kampala.

Wa kwanza niliyemwendea hakunifaa. Dakika kumi hazijaisha keshaniambia nifunge, niombe, nimsamehe ndugu yangu. Ndugu yupi? Sikuwa nimemtaja ndugu yeyote.

Wa pili, wa Kampala, alianza kwa swali: "Kaka, tukimaliza kazi hii vizuri, nini kitakuwa kimebadilika nyumbani kwako?" Nilikaa kimya kitambo. Nikajibu nataka kula chakula cha jioni na watoto bila kuwafokea. Akaliandika kwa maneno yangu hayo hayo, akanigeuzia daftari nione. Kila tunapokutana tunaanzia ukurasa ule.

Kisha fomu ya kupima sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu 0 hadi 3. Nilipata 17 kati ya 27, na namba ikipanda hali ni mbaya zaidi. Tuliipitia pamoja swali kwa swali, hata lile la mwisho la kutamani kufa, aliloliuliza bila kumung'unya maneno. Akasema yeye haandiki dawa; hali ikizidi tutazungumza juu ya kumwona daktari wa akili. "Tutazungumza," siyo "nitakupeleka." Nililisikia neno hilo.

Alinitajia pia kikundi. Akasema kwa Uganda si jambo geni: mwaka 2002 wanavijiji wa Masaka na Rakai wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki, wiki 16, na wakapata nafuu kuliko wenzao ambao hawakukutana. Nikakataa. Hapa mpakani nani hanijui? Hakubishana.

Kilichonishinda ni kazi ya nyumbani. Tulikubaliana kila jioni niandike mawazo yanayonikosesha usingizi. Wiki mbili, daftari tupu. Nikajiandaa kugombezwa kama mwanafunzi. Yeye akauliza, "Tuliipanga vibaya wapi?" Kumbe mchana kutwa najaza makaratasi ya mizigo, jioni kushika kalamu ni adhabu. Tukabadilisha: nijirekodi kwenye simu nikitembea kurudi nyumbani, tena kwa Kiteso, kwa sababu baba sijawahi kumwomboleza kwa lugha nyingine. Mshauri wangu, dada huyu, Kiteso hakijui. Namsimulia kwa Kiswahili kile ninachotaka akisikie. Siku ya tatu nililia kando ya foleni ya malori, simu mkononi. Dereva mmoja akashuka, akanipa chupa ya maji, akapanda tena bila kuuliza kitu.

Kasoro zipo. Shilingi 80,000 za Uganda kwa saa ni pesa, na kwenda Kampala ni zaidi ya kilomita 200 kwenye taksi iliyobanana. Tuliamua kikao kimoja ana kwa ana, kimoja kwa simu. Vya simu sivipendi: mtandao hukatika pale pale maneno yanapoanza kutoka. Nimemwambia, na bado tunatafuta njia.

Mwezi uliopita fomu ilisoma 8. Usingizi hukatika mara moja moja. Jumanne tunakutana tena, na mada nachagua mimi. Nimeshaiandika: nyumba ya baba, nani akae.