Tahadhari: Nimeuziwa Maji ya Chokaa kwa Bei ya Rangi

Ndugu zangu, naandika haya kwa hasira, na aibu nayo haiko nyuma, kwa sababu mtu mzima niliyesimamia ujenzi wa nyumba yangu tangu msingi sikustahili kuchezewa na kijana wa dukani.

Jumanne iliyopita nilikwenda Kariakoo kutafuta rangi ya sebule kabla ya shughuli yangu. Nilibeba kitambaa cha mto wa kochi, kijani kilichofifia mithili ya mchaichai uliokauka, nikaingia katika duka lenye mashine ya kuchanganyia rangi karibu na mlango. Kijana wa pale hakuwa na papara. Alikilinganisha kitambaa na kadi za rangi moja baada ya nyingine, akafungua mbele yangu ndoo ya lita 20 ya rangi ya msingi, mashine ikadondosha rangi za kukolezea kwa vipimo, kisha ndoo ikatikiswa. Alichovya kidole, akapaka tone kwenye kadi, akalikausha kwa mashine ya kukaushia nywele huku akiniambia, “Mama, rangi ya maji ikiwa mbichi inadanganya, tusubiri ikauke.” Maneno hayo ni ya kweli, na ndiyo yaliyonimaliza, kwani nilijiambia kwamba anayenifundisha siri za kazi yake hawezi kuniibia. Tone lilipokauka na kuwekwa juu ya kitambaa, lilipotelea humo. Nikalipa papo hapo shilingi 540,000 za ndoo tatu.

Ndipo akasema umeme umekatika, ila stoo ya nyuma kuna mashine inayotumia jenereta, hivyo ndoo mbili zilizobaki zingechanganyiwa huko wakati mimi nakunywa soda. Nikanywa soda. Feni iliyokuwa juu ya kichwa changu haikuacha kuzunguka hata dakika moja, nami nikawa naushukuru upepo wake.

Ndoo ya kwanza ilipaka ukuta mmoja vizuri kabisa. Ya pili ilitoka kijani cha mbaazi mbichi, nyepesi hata ikawa inachuruzika kwenye rola, na ilipokauka fundi alipitisha kiganja ukutani kikarudi cheupe. Ya tatu ilikuwa vivyo hivyo. Nilipompigia kijana yule alidai ukuta wangu una unyevu. Nilipomuuliza ni unyevu gani huo unaoshika kuta tatu na kuuacha mmoja, alikata simu na hajapokea tena.

Mtu huyu anyang'anywe leseni, afikishwe mahakamani, na kabla ya hapo aletwe kwangu azikwangue kuta hizi kwa mikono yake mpaka plasta ionekane. Ndoo zile mbili mifuniko yake ilikuwa imekwisha kubanduliwa, tena hazikuwa na lebo ya vipimo vya mchanganyiko kama ile ya kwanza. Risiti niliandikiwa kwa mkono, “vifaa vya ujenzi” tu, si ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi. Najua sheria inambana hata mnunuzi asiyeidai, kwa hiyo msinikumbushe. Faini pekee haitoshi kwa wachakachuaji wa aina hii.

Ndoo ziko barazani pamoja na mifuniko yake, na Jumatatu ninazipeleka Tume ya Ushindani, inayowalinda walaji. Aliyelizwa na duka hilohilo anitafute tuongozane, na aje na mfuniko wake.